Mkwe Aliyeshushwa Paani

Kwenye kiwanda cha sabuni, mgeni hapokewi na meneja wala mlinzi. Mgeni anapokewa na Mama Kofia. Uje umefunga tai, uje umebeba spana, uje kuzibua choo tu uondoke, utakaa kwenye benchi lake la mbao kando ya geti, utavikwa kofia ngumu na kizibao cha rangi ya machungwa, na utasikiliza. Wapo waliojaribu kupita huku wamebandika simu sikioni, wakijifanya wana mazungumzo mazito. Walirudishwa na simu zao hivyo hivyo.

Ni mwanamke mfupi, mnene wa wastani, mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye kitambulisho na linakaa humo humo. Wafanyakazi walimbatiza Mama Kofia kwa sababu hawajawahi kumwona kazini bila ile kofia yake nyeupe, na baadhi yao wanaapa kwamba hulala nayo. Mumewe ni kinyozi, mtu wa maneno mengi, lakini hilo hajawahi kulikanusha.

Hotuba yake huanza vile vile kila siku. "Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Hapa kwangu mgeni ni kuku wa machungwa. Nataka kila mtu akuone, hasa dereva wa foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo, maana yule akishabeba maboksi mbele yake hamwoni hata mama yake mzazi." Kisha anakueleza ile njia ya manjano iliyochorwa sakafuni, kwamba ukiiacha umejiacha. Anakueleza sakafu ya nyumba ya tangi inavyoteleza, na jinsi kostiki, dawa kali inayopikia sabuni, isivyojua kama wewe ni mafuta au ni mtu. Akimaliza, anakunja mikono na kukutazama usoni. "Haya, nirudishie."

Hapo ndipo wengi hupatikana. Mgeni wa kawaida amezoea kutia sahihi na kupita. Mama Kofia hana haja na sahihi yako, anataka umwambie, kwa maneno yako mwenyewe, ni kitu gani humo ndani kinaweza kukuua na wewe utafanya nini usife. Bwana mmoja mnene aliyekuja kukagua mizani alijibu kwamba ameelewa. Akaulizwa ameelewa nini. Akatazama juu, akatazama viatu vyake, akaomba hotuba irudiwe, na safari ya pili alisikiliza mdomo wazi.

Anasema, na mimi naona ana haki, kwamba mwenyeji hafi kirahisi kwenye kiwanda chake. Mwenyeji anajua panapoteleza hata gizani. Anayekufa ni mgeni, na mgeni mbaya kuliko wote ni mkandarasi, kwa sababu huyo ni mgeni asiyejijua kuwa ni mgeni. Ana vifaa, ana vijana, ana uzoefu, na ana ule msemo wao ambao Mama Kofia akiusikia hupandwa na mori: ajali haina kinga. "Haina kinga, sawa," huwajibu, "lakini ina mlango, na mlangoni nimekaa mimi. Kaa hapo kwenye benchi."

Kazi hiyo hakuiomba. Alikuwa mfungaji wa sabuni, mmoja wa wanawake wanaokaa mezani kuivika miche karatasi, na mdomo wake ndio ulikuwa redio ya chumba kizima. Siku moja muuza bima aliingia kutafuta wateja, akawa anatembea kinyumenyume huku anapunga mkono, na foko nayo inarudi kinyumenyume upande wake. Wenzake walipiga yowe. Yeye alimrukia muuza bima, akamkamata ukosi wa shati na kumvuta kwa nguvu hivi kwamba yule mtu alibaki mzima na ukosi ukabaki mkononi mwa mwokozi wake. Meneja alipofika akamkuta mama huyu anamfokea mtu aliyemwokoa. "Kwani nyumbani kwa watu huwa unaingia kinyumenyume?" Meneja alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba mdomo kama huo unapotea bure kwenye meza ya karatasi. Wakampeleka mafunzo, akarudi na cheti, akatengenezewa benchi. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone aliipenda, ila akaiongezea mkia wake: na mgeni naye apone.

Sasa, mtu wa namna hiyo unadhani atateleza wapi? Aliteleza pale ambapo wengi wetu huteleza, kwa mkwe.

Alikuwa na binti, kitinda mimba wake, mwalimu wa chekechea, msichana mwenye akili na aibu kidogo. Huyu binti alikuwa amempata kijana wa duka la dawa, mpole, anayesikiliza mtu hadi mwisho kabla hajajibu. Mama Kofia alimpenda kijana yule kupita kiasi, na wala hakulificha hilo. Baba wa kijana alikuwa amekwisha kuja mara moja na kaka yake kubisha hodi, kama wasemavyo. Mke wake siku hiyo alikuwa amesafiri kumwuguza dada yake. Ikakubaliwa warudi Jumapili ya mwisho wa mwezi, waje na watu wao, wazee wazungumze na siku ya harusi ijulikane. Binti alikuwa anaimba hata akiosha vyombo. Nyumba nzima ilikuwa na furaha, na kinyozi aliwatangazia wateja wake habari hizo kabla hazijaiva vizuri.

Na baba huyo wa kijana alikuwa nani? Alikuwa fundi wa mapaa, mashuhuri, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, aliyeitwa Fundi Paka kwa jinsi alivyotembea juu ya mabati bila kusikika. Hakuwahi kufunga kamba kiunoni maisha yake yote, na alijivunia hilo mbele za watu. Paa la nyumba ya tangi lilipoanza kuvuja karibu na masika, meneja alitafuta fundi aliye bora mjini, na fundi aliye bora mjini alikuwa ndiye huyo.

Asubuhi ile Mama Kofia alipochungulia nje na kumwona mkwe wake mtarajiwa amesimama getini na vijana wake na ngazi, akili yote ilimruka. Mtu unamwambiaje mkwe wako akae kwenye benchi na wazibuaji wa vyoo? Unamwambiaje mtu atakayekaa kwenye kiti chako Jumapili, "Haya, nirudishie"? Alitoka mbio, akamwamkia kwa kupiga goti kidogo, akaleta kiti cha ofisini chenye mto, akamtengenezea chai. Wakaulizana hali za nyumbani. Fundi Paka akanywa chai, akashukuru, akainuka, akaingia ndani na vijana wake. Kofia walizivaa kwa sababu walipewa. Hotuba hawakuisikia. Mlinzi alimtazama Mama Kofia kwa mshangao, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Jambo ambalo Fundi Paka angeambiwa kwenye benchi ni hili. Paa la nyumba ya tangi lina mabati ya kawaida, na kati yake yamo mabati ya mwanga, yale ya plastiki yanayoingiza jua. Yakiwa mapya utayatofautisha kwa mbali. Yakishakaa miaka na kushika vumbi na moshi wa sabuni, yanafanana na ndugu zake wa chuma, lakini hayabebi hata paka wa kweli. Ndiyo maana hapo hapandi mtu bila mbao za kukanyagia na mkanda wenye kamba, na ndiyo maana siku hiyo tangi lililo chini yake huzimwa. Lakini nani angemwambia, na mwenye kumwambia alikuwa anaosha vikombe?

Kabla ya saa ya chakula, bati moja likaachia. Mguu wa kulia wa Fundi Paka ulipita wote hadi kwenye paja, naye akabaki amening'inia kwa viwiko, na kiatu kikamchomoka. Vijana wake walimkamata mabegani wakamtoa. Kiatu hakikuwa na wa kukikamata, kikashuka moja kwa moja ndani ya tangi lililokuwa linachemka, chubwi, na mpishi wa sabuni akaruka nyuma na mwiko wake mrefu.

Hapo kiwanda kizima kilicheka, nisiseme uongo. Watu walicheka kwa hofu iliyowatoka ghafla. Hata Fundi Paka alicheka kule juu, akachungulia kwenye tundu na kumwuliza mpishi kama supu imekolea. Mpishi akahangaika na mwiko mpaka akakinasa kiatu na kukitua sakafuni. Ngozi ilikuwa imevimba na kulegea, soli imefumuka yenyewe, na mtu akiigusa kwa kijiti inamomonyoka. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kuanzia waliosimama karibu.

Mama Kofia alifika mwisho, akakitazama kiatu, akatazama juu, kisha akakaa chini pale pale kwenye sakafu aliyowakataza watu kukaa. Hakulia. Alikichukua kiatu kwa koleo, akakitia kwenye beseni, akaenda nalo kwa meneja na kumweleza yote, pamoja na chai. Meneja akatazama ndani ya beseni. Kisha akasema tangi lizimwe mpaka paa liishe, na kwamba mambo ya nani apande na nani asipande yanabaki kwa mwenye benchi, kama yalivyokuwa siku zote.

Kesho yake aliwahi ili amkute mkwe getini, amweleze kwa upole. Lakini ukishamlainishia mtu njia jana, leo haulizi. Mlinzi alimwona ni mtu wa chai na kiti chenye mto, akamfungulia. Mama Kofia alipofika, Fundi Paka alikuwa tayari yuko juu na viatu vipya.

Akasimama uwanjani, akajishika kiuno. Heshima kwanza. "Shikamoo, mzazi mwenzangu," akapaza sauti.

"Marahaba, mama," ikajibu sauti kutoka juu. "Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Shuka."

Wafungaji wa sabuni waliokuwa wanaingia kazini wakasimama. Dereva wa foko akazima injini ili asikie vizuri.

"Nishuke kuna nini?"

"Mbao za kukanyagia hujaweka, na mkanda huna. Na hujakaa kwenye benchi."

"Jana ulinipa chai, leo unanipa benchi?"

"Jana nilikosea. Nilikuona ni mkwe nikasahau kwamba ni mgeni."

Fundi Paka akaja ukingoni, akachuchumaa. "Mama, mimi nimetembea juu ya mapaa ya mji huu tangu ndevu hazijaota. Ajali haina kinga. Ya jana imeshapita."

"Haijapita, ninayo kwenye beseni. Mzazi mwenzangu, heshima yako iko pale pale, sijaigusa. Lakini humu ndani hakuna mashine itakayowashwa wala mfanyakazi atakayeshika kazi mpaka mguu wako ukanyage chini."

Alishuka. Alishuka polepole, ngazi baada ya ngazi, na vijana wake nyuma yake wanatazama mbali kwa aibu. Alipofika chini alisimama mbele yake akamzidi urefu kwa kichwa na mabega, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko walivyotarajia. "Umenishusha kama kuku aliyepanda mezani, mbele ya vijana wangu. Haya. Mwanangu ana mama yake, hahitaji mwingine wa kumfundisha baba yake kutembea. Jumapili msitungoje."

Akaokota ngazi, akaondoka.

Mnaoijua nyumba yenye binti wa kuolewa mnajua jioni ile ilikuwaje. Kinyozi alikuwa amekwisha kulisikia lote kwenye kiti chake cha kunyolea, tena na nyongeza. Binti alikuwa amesimama jikoni, macho mekundu, na haimbi.

"Mama, mafundi wote wa mji huu wanapanda bila kamba," akasema. "Ilibidi uanze na baba mkwe wangu?"

"Ningeanza na nani, mwanangu? Yeye ndiye aliyekuwa juu."

Binti akaingia chumbani akafunga mlango. Hakuubamiza, na hilo lilimuuma mama yake zaidi.

"Mama watoto," kinyozi akaanza kwa uangalifu, "ungemwambia taratibu."

"Nilimwamkia kwanza."

"Ulimwamkia kwa sauti gani?"

Mama Kofia akavuta kigoda. Akakaa na bakuli la chakula magotini, hakuligusa. Alikuwa anaogopa, na hofu ya namna hiyo alikuwa haijui. Aliogopa kwamba kwa mikono yake mwenyewe amemharibia mtoto furaha, na kwamba mtoto atamsamehe mdomoni tu. Kijana wa duka la dawa alipiga simu akaongea na binti muda mrefu, akasema baba yake hataki hata kulisikia jambo hilo, ampe siku. Siku ngapi, hakusema. Na bado, kila Mama Kofia alipojaribu kuwaza kwamba kesho atampelekea mkwe radhi na kumwacha apande anavyotaka, alikiona kile kiatu. Mguu ungekuwa bado umo ndani yake, Jumapili ingekuwa ya nini? Akamwambia mumewe hivyo. Kinyozi akachukua lile bakuli na kumpashia chakula tena.

Siku tatu paa lilikaa na tundu lake. Meneja alitazama mawingu, akamtazama Mama Kofia, akarudi ofisini.

Siku ya nne akaja mwanamke getini. Mrefu, mwembamba, amefunga kilemba cha buluu, amebana mkoba kwapani, na amekaza midomo. Mlinzi akamwonyesha benchi.

"Karibu, dada. Unamtembelea nani?" Mama Kofia akauliza.

"Nimekuja kukuona wewe."

"Mimi huwa sina wageni hapa."

"Leo unaye. Nasikia kuna maneno unawaambia watu kabla hawajaingia. Niambie na mimi. Kisha nataka kuliona hilo paa."

Mama Kofia alidhani ametumwa na watu wa bima, au ni wa ofisi ya kazi, wale wanaokuja bila kujitambulisha. Hata hivyo kwake wote ni kuku wa machungwa. Akampa kizibao, akamvika kofia juu ya kilemba, akasema yote, ya foko, ya njia ya manjano, ya kostiki na ya mabati ya mwanga. Yule mwanamke alisikiliza bila kupepesa. Alipoambiwa arudishe, alirudisha neno kwa neno, kwa sauti kavu, na ya mabati ya mwanga aliyarudia mara mbili bila kuombwa.

Wakaingia. Alishika njia ya manjano kama mtu anayevuka kijito juu ya gogo. Ndani ya nyumba ya tangi, moto ulikuwa umezimwa na pale chini pamezungushiwa kamba. Jua lilikuwa linaingia kwenye tundu na kuangukia ukingo wa tangi. Mwanamke akasimama nje ya kamba, akainua uso mpaka kofia ikamteleza kisogoni. Akatazama muda mrefu.

"Ni pale?"

"Ni pale."

"Alining'inia pale?"

"Kwa viwiko."

Mwanamke akashusha macho taratibu, ukuta mzima, mpaka kwenye tangi. "Mimi ni mke wake," akasema. "Unajua miaka yote hii ananiambia nini? Ananiambia mapaa yote ni kimo cha mlango, yamezidi kidogo tu. Nikimwuliza, la kanisani je? Ananiambia, hilo limezidi kidogo zaidi."

Mama Kofia akairudisha ile kofia iliyomteleza.

"Nilikuja kukugombeza," mwanamke akaendelea. "Nisikufiche. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mume wangu amerudi nyumbani siku ile amevunjika moyo, hali chakula, haongei, nikasema huyu mwanamke ni nani wa kumvunjia heshima mtu mzima? Nimekuja na maneno yangu yote, nimeyapanga yamepangika."

"Niambie tu, mzazi mwenzangu. Nitayapokea."

"Sikuambii. Haya nayarudisha nyumbani, yana mwenyewe." Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kizibao. "Dada, mimi kila akitoka asubuhi namwomba Mungu anirudishie jioni. Simu ikilia mchana, moyo unasimama. Watoto wangu nimewalea hivyo, moyo umesimama. Sikujua kwamba kuna mtu mahali ambaye hiyo ndiyo kazi yake."

Mama Kofia alimshika mkono, na yeye naye akalia, kwa sauti yake ile ya watu wawili, mpaka mpishi wa sabuni akatoka nje kwa adabu. Kisha wakacheka tena. Wakakaa kwenye benchi kule getini, wakanywa chai, wakahesabiana watoto, wakakuta kwamba wote wawili wana magoti mabovu. Mkandarasi wa mabomba aliyekuja saa hiyo alisubiri sana, na hakuthubutu kulalamika.

Maneno aliyoambiwa Fundi Paka jioni ile hakuna anayeyajua, na kinyozi amejitahidi sana kuyapata. Kinachojulikana ni kwamba asubuhi yake alikuja getini kabla mlinzi hajafungua, na vijana wake wote wamebeba mikanda mipya begani, kamba, na mbao ndefu za kukanyagia. Hakuingia. Alikwenda akaketi kwenye benchi, kati ya mleta vifungashio na binti mmoja aliyekuja kutafuta kazi, akaweka mikono yake mikubwa juu ya magoti.

Mama Kofia alisema hotuba nzima, hakuruka neno. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, ikakaa sawa alipofika kwenye foko. Alipomaliza akakunja mikono. "Haya, mzazi mwenzangu. Nirudishie."

Fundi Paka akarudisha. Alikosea kidogo kwenye njia ya manjano, kijana wake mmoja akamsahihisha, naye akakubali kusahihishwa. Kisha wakapanda wamefungwa kamba, na paa likaisha siku mbili kabla ya mvua. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo nalo lazima lisemwe, maana fundi alikuwa fundi kweli.

Lakini ya Jumapili hakuyagusia, wala Mama Kofia hakuthubutu kuuliza. Vifaa vikakusanywa, ngazi ikapakiwa, mtu akaaga kwa heshima na kuondoka. Nyumbani binti aliuliza kwa macho tu, na mama akatikisa kichwa kwamba hajui. Wakafagia uwanja Jumapili asubuhi, bila kuambiana kwa nini. Kinyozi akavaa shati lake jeupe, akasema ni kwa sababu ya joto.

Alasiri wakasikia hodi. Hawakuwa wawili watatu. Ulikuja ukoo mzima, wajomba, mashangazi, watoto wa kubebwa, na mbele yao mwanamke mrefu wa kilemba cha buluu, anatembea kama mtu anayepajua. Kijana wa duka la dawa alikuwa nyuma kabisa, anatabasamu peke yake. Viti havikutosha, vikaletwa vya kinyozini, watu wakakaa hata mlangoni.

Waliposalimiana na kunyamaza, kaka yake Fundi Paka alijikohoza aanze kusema kwa niaba ya familia, kama ilivyopangwa. Fundi Paka akamgusa bega, akainuka mwenyewe. Hakuwa msemaji. Alitazama sakafu, akatazama mikono yake.

"Nimepanda mapaa mengi," akasema. "Wenye nyumba zao wote walikuwa wananisifu. Wananiambia, fundi, wewe ni paka. Hakuna aliyewahi kuniambia nishuke. Huyu mama ndiye wa kwanza. Nilikasirika, nikakaa nyumbani siku nne nimenuna, na katika siku nne hizo mke wangu alilala usingizi. Nilikuwa sijawahi kumwona analala hivyo, asubuhi jua limetoka na yeye bado. Nikajiuliza, kumbe miaka yote hii alikuwa halali?" Akafuta uso kwa kiganja. "Sasa mimi nina mtoto wa kiume, na ninataka akitoka asubuhi kuwe na mtu nyumbani wa kumwambia shuka. Nimekuja kuomba binti wa mama huyu."

Watu wote wakamgeukia Mama Kofia. Mwanamke aliyewanyamazisha mainjinia na wakaguzi hakupata hata neno moja. Alitikisa kichwa, akakubali kwa mikono, akajifunika uso kwa upande wa kitambaa chake, na kinyozi ikabidi amjibie. Huko jikoni, kati ya vikombe, binti alikuwa ameanza kuimba.